Watu Waliojitwika Mbuga

Nyasi ndizo zilizonishika. Wengine huja kuwaona simba, na wengine hulipenda lile jua la hariri linalochomoza taratibu nyuma ya jukwaa. Mimi niliganda pale wachezaji walipoingia wamejitwika sinia za nyasi vichwani, safu kwa safu, shingo zimenyooka kama za kina mama watokao kisimani. Wakitembea, mbuga inatembea. Wakipinda magoti, bonde limeshuka. Wakiyumba kidogo tu, unasema upepo umevuma. Hakukuwa na pazia lililochorwa miti wala picha ya Serengeti ukutani. Mbuga ilikuwa watu, na chini ya zile nyasi nyuso zao zilionekana wazi, macho yakitazama mbele na jasho likiwashuka mashavuni.

Igizo lenyewe ni The Lion King, nami nililiona katika ukumbi wa Lyceum, London, linakochezwa tangu 1999. Kisa chake hakihitaji kusimuliwa upya. Tangu filamu ya kwanza ya 1994, na nyingine zilizofuata, watoto wengi wanamjua Simba, baba yake Mufasa na baba mdogo mwenye roho mbaya, Scar. Jukwaani kisa hicho kilifika New York mwaka 1997 chini ya mwongozaji Julie Taymor. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony kwa kuongoza igizo la muziki. Watu zaidi ya milioni 100 duniani wamekwisha kulitazama.

Taymor alikataa kumficha mtu ndani ya mnyama. Kinyago cha Mufasa kinakaa juu ya kichwa cha mwigizaji, na uso wa mwigizaji uko chini yake, haujafunikwa. Twiga ni mtu mmoja juu ya magongo manne, mawili ya miguu na mawili ya mikono. Tembo anabebwa na watu wanne. Ukame unapoingia, maji ni duara la kitambaa cha buluu linalovutwa polepole kwenye tundu sakafuni mpaka liishe. Na Mufasa akishakufa, simba majike wanavuta tepe ndefu za kitambaa kutoka kwenye macho ya vinyago vyao. Unaiona mikono inayovuta. Unajua ni kitambaa. Koo linakukaba vilevile.

Jambo hilo lilinisumbua hadi nikalipeleka Tarime, kwa mzee mmoja wa Kikurya, mpiga litungu, aliyeniomba nisiandike jina lake. Litungu lake lina nyuzi nane, bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na sauti nzito inayokuingia tumboni kabla haijafika masikioni. Nilimwonyesha kwenye simu ile sehemu ya mwanzo ambayo wenye igizo waliiweka kwenye intaneti. Aliitazama kimya, akaniambia niirudishe nyuma.

Mura, yaani kijana, aliniuliza, hawa hawafichi nyuso? Nilipomjibu kwamba hawafichi, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akanieleza kwamba yeye akisimulia habari za simba huku akipiga, watoto wanajua fika kuwa anayenguruma ni babu yao. Wanayaona meno yake yaliyobaki. Hata hivyo wanavuta miguu yao ndani ya blanketi. Kwake yeye, mtoto huogopa kwa sababu anawaona wote wawili, babu na simba, mahali pamoja. Angejifunika ngozi ya simba akatoweka ndani yake, watoto wangekimbia, au wangecheka, na hadithi ingeishia hapo. Taymor naye ameeleza mara nyingi kwamba alitaka mtazamaji amwone mtu na mnyama kwa wakati mmoja. Mwalimu wa kazi hiyo ninamjua: anakaa kwenye kigoda Tarime.

Hakusifu kila kitu. Twiga alimtia mashaka kwa kuwa hakumsikia akikanyaga. Wachezaji wa Kikurya hupanda viatu vya mbao nzito, na uzito wao ni sehemu ya muziki, ardhi inajibu. Kiumbe kirefu namna ile kinachopita bila kishindo, alisema, kimepita kama mgonjwa. Aliuliza pia nyimbo ni za nani. Nilimwambia baadhi ni za Kizulu, za mtunzi Lebo M wa Afrika Kusini. Akasema ni nzuri, ila simba wa huku wangestahili walau uzi mmoja wa litungu.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: wachungaji wako wapi? Nchi nzima ile, simba, nyumbu, swala, fisi, na hakuna ng'ombe hata mmoja, wala moshi wa jiko. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mpaka wake na vijiji vya Tarime bado unaleta ugomvi hadi leo. Katika vijiji vya wilaya ya Serengeti wapo wanaokesha wakilinda mahindi yasiliwe na tembo. Mtoto wa nyumba hiyo angemtazamaje tembo wa watu wanne? Angemshangilia, au angetafuta tochi? Na nani angemleta tembo huyo Mugumu, mji wa wilaya hiyo? Igizo lilifika Johannesburg mwaka 2007, na huko ni mbali sana na Mto Mara.

Nilimwambia kwamba watu wamo, wako chini ya nyasi, wamejitwika nchi. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu. Nikamwuliza kama angekubali kupiga litungu katika igizo lile. Angekubali, alisema, kwa sharti moja: kabla nyumbu hawajakimbia, apite mchungaji na ng'ombe wake kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, bila haraka, na nyasi zimpishe. Nimeliandika sharti hilo kama alivyolitamka. Ninatafuta wa kumpelekea.