Maneno ya Mjini katika Kijapani

Mazungumzo ya mjini kwa Kijapani huanzia kwenye neno *eki*, yaani kituo cha treni. Miji mingi ya Japani imekua kuzunguka vituo vyake, na tangazo la nyumba ya kupanga hutaja dakika za kutembea kutoka *eki*. Mbele ya kituo, *ekimae*, kuna benki, mikahawa na mabasi. Karibu na hapo mara nyingi huanza *shōtengai*, mtaa wa maduka madogo yanayopakana. Ni busara mwanafunzi aanze msamiati wake hapo hapo kituoni, maana maneno ya kituoni huzaliana.

*Den* ni umeme, *sha* ni chombo cha magurudumu. *Densha* ni treni ya umeme. *Sha* hiyo hiyo imo ndani ya *jitensha*, baiskeli, na *jidōsha*, gari, na *den* imo ndani ya *denwa*, simu. *Chikatetsu*, reli ya chini ya ardhi iliyoanza Tokyo mwaka 1927 kati ya Asakusa na Ueno, imeundwa kwa *chi* (ardhi), *ka* (chini) na *tetsu* (chuma). Kipande chenye faida kuliko vyote ni *kuchi*, mdomo, ambacho kikiunganishwa hugeuka *-guchi*, kama -refu inavyogeuka ndefu katika Kiswahili: *iriguchi* ni mlango wa kuingilia, *deguchi* wa kutokea. Kituo kikubwa kama Shinjuku kina milango mingi mno, na watu hupeana miadi kwa jina la mlango: *higashiguchi* wa mashariki, *nishiguchi* wa magharibi, *minamiguchi* wa kusini. Anayekosea huibukia ng'ambo ya reli, na safari ya kuzunguka si fupi.

Vitenzi vya usafiri vikaririwe pamoja na neno dogo linalovitangulia. Kupanda basi ni *basu ni noru*, lakini kushuka ni *basu o oriru*. Kubadili treni ni *norikaeru*, panda na badili vikiwa neno moja.

Kuelekezana njia ndiko kunakohitaji msamiati mpana zaidi, kwa sababu barabara nyingi za Japani hazina majina. Anwani, *jūsho*, hushuka kutoka eneo kubwa hadi dogo: jiji, kata (*ku*), sehemu ya mtaa (*chōme*), kisha namba ya kitalu na ya nyumba. Namba hizo hazimsaidii sana mpita njia, kwa hiyo watu hutaja alama: *kōsaten*, njia panda, *shingō*, taa za barabarani, *konbini*, duka dogo ambalo kwa kawaida halifungwi usiku, *kōban*, kituo kidogo cha polisi ambako wageni huulizia njia. Taa ya kijani huitwa *ao*, buluu, kwa kuwa zamani neno hilo lilibeba rangi zote mbili. Neno la mahali hufuata nomino, kinyume cha Kiswahili: mbele ya kituo ni *eki no mae*. *Tonari* ni ubavuni, *mukai* ni mkabala, na *temae* ni upande wa huku, kabla ya kufika penyewe. Hili la mwisho huokoa hatua nyingi.

Matamshi hayamsumbui sana Mswahili, kwani irabu za Kijapani ni zile zile tano. Kinachohitaji uangalifu ni urefu wake: *biru* ni jengo la ghorofa, *bīru* ni bia, tofauti ya aina ile ile iliyopo kati ya kufa na kufaa.

Maneno ya kukopa nayo yamejaa mjini. *Pan'ya*, duka la mikate, lina *pan* kutoka Kireno, lugha iliyokipa Kiswahili meza na leso. *-Ya* ni duka, kama katika *hon'ya*, la vitabu, na *hanaya*, la maua. *Manshon* limetoka Kiingereza, ila si jumba la tajiri: ni makazi ya familia moja ndani ya jengo la zege lenye ghorofa kadhaa. *Apāto* huwa ndani ya jengo dogo zaidi, aghalabu la mbao au chuma chepesi, na kwa kawaida kodi yake ni nafuu.