Tope Huhifadhi, Mwamba Huvunja: Rekodi za Meli Zilizozama

Meli ikishazama, mahali ilipotua ndipo panapoamua itadumu kwa muda gani na kama itaonekana tena. Rekodi zifuatazo zinalionyesha hilo waziwazi.

Nzima iliyo kongwe zaidi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kupatikana kwa meli ya Kigiriki ya miaka 2,400 hivi katika Bahari Nyeusi, upande wa Bulgaria, zaidi ya kilomita 2 chini ya maji. Mlingoti bado umesimama, usukani upo, na hata mabao ya wapiga makasia yapo. Kina hicho hakina oksijeni, hivyo viumbe vitoboavyo mbao haviishi humo.

Iliyo chini zaidi. Manowari ya Marekani USS Samuel B. Roberts ilizama Oktoba 1944 katika Bahari ya Ufilipino. Ilipotambuliwa mwaka 2022 ikiwa mita 6,895 chini, iliweka rekodi. Imekatika, lakini huko hakuna wimbi, nanga wala wavu wa kuisumbua.

Kengele kongwe zaidi ya meli. Ni ya mwaka 1498, ilipatikana katika ghuba ya kisiwa cha Al Hallaniyah, Oman. Inaaminika ilikuwa ya Esmeralda, meli ya msafara wa Vasco da Gama iliyopigwa na dhoruba mwaka 1503. Ghuba ile ina miamba, maji mafupi na mawimbi makali. Shaba ilisalia, mbao zote ziliangamia.

Iliyotafutwa kwa hoja bora zaidi. Mtafiti Anders Franzén alijua kwamba maji ya Baltiki hayana chumvi ya kutosha kwa viumbe vitoboavyo mbao, kwa hiyo meli za kale lazima ziwe bado zipo. Mwaka 1956 kifaa chake kilizama topeni katika bandari ya Stockholm, kikarudi na kipande cheusi cha mwaloni. Ilikuwa Vasa, iliyozama mwaka 1628. Mwaka 1961 iliibuliwa karibu nzima.

Inayofichwa na kufichuliwa. Stirling Castle ilizama mwaka 1703 kwenye mafungu ya mchanga ya Goodwin, Uingereza. Mchanga ulihama mwaka 1979, wazamiaji wakaiona. Lakini mchanga ulioionyesha ndio uliokuwa ukiilinda. Ikiwa wazi, mikondo huila.

Iliyo karibu nasi zaidi. Santo António de Tanná, meli ya Wareno, ilizama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, wakati Waomani wameizingira ngome hiyo. Tope lilihifadhi sehemu ya chini ya meli. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu waliichimbua, wakaipima, kisha wakaifukia tena palepale. Bandari zetu zinapochimbwa ili zipokee meli kubwa, waakiolojia na watangulie kabla ya mitambo. Tope likishavurugwa, kilichotunzwa kwa karne nyingi huanza kuoza siku hiyohiyo.