Habari za wazee wa promosiyo: tusiziache zipotee

Bandugu, kila kiangazi wazee waliosoma agronomia mbele yetu wanatembeleana. Ni Januari na Februari, tena Juni na Julai: mvua inapungua, njia za udongo zinapitika. Huku kwetu karibu na ikweta baridi haitegemei mwezi, inategemea mlima. Butembo iko juu ya metre 1.700, Beni karibu 1.100. Kwa hiyo arabika inapenda Butembo na Lubero, robusta inapenda Beni.

Julai iliyopita nilisindikiza mzee mmoja kushuka Beni, kilometre 54, kuona wenzake wa promosiyo. Walianza na habari: nani amekufa, nani yuko Kampala kwa watoto, nani amekimbia shamba lake juu ya vita. Mimi nilikuwa nafikiri ni masolo ya wazee tu. Halafu nikauliza: mbona wote munalima kakao, kahawa ilienda wapi?

Wakanieleza trakeomikozi. Katika kozi yangu ilikuwa mistari miwili. Ni ugonjwa wa kuvu: inaingia kwa kidonda cha shina, inaziba njia za maji, majani yanageuka manjano na kuanguka. Ukitoa ganda, mbao ya ndani ni ya bluu-nyeusi. Dawa hakuna, unang'oa mti na kuuchoma palepale. Miaka ya 1980 na 1990 iliharibu robusta ya Beni, na mwaka 1993 ikathibitishwa Uganda.

Ilisafiri namna gani? Mzee mmoja alicheka kidogo: «Na sisi tuliisaidia.» Panga lililokata mti mgonjwa lilikata na mzima. Kuni za kahawa iliyokauka zilibebwa mpaka vijiji vingine. Waliyajua hayo kisha kupoteza mashamba.

Leo vijana wengi wanapanda tena robusta. Panga ni zilezile, na kuni bado zinatembea.

Kwenye liste ya promosiyo yao, majina mengi yana kamusalaba pembeni. Kila kamusalaba ni shamba ambalo hakuna tena mtu wa kutueleza.

Basi kiangazi kinachokuja, tafuta mzee mmoja wa fani yako. Omba ruhusa, washa simu, muulize: ulilima nini, wapi, mwaka gani, nini kiliharibika? Kisha uandike. Tusingoje matanga ndiyo tuulize.