Kupiga picha ya ukungu si kubonyeza tu

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu, akaigeuza simu huku na huku, kisha akauliza, "Hapa ni wapi, mwanangu?"

Hapo palikuwa kwetu. Palikuwa ni shamba la Kinangop Kusini ambalo amelilima viazi na kabeji kwa zaidi ya miaka 40, na ambalo njia zake anaweza kuzipita gizani bila tochi. Lakini katika simu yangu hakulitambua.

Mama anakaa nasi jijini tangu kifua kilipoanza kumsumbua. Daktari alimshauri aepukane na baridi ya kule, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sote tunajua, ijapokuwa hakuna anayethubutu kulisema, kwamba huenda asirudi tena kuishi huko. Hakuomba mengi. Alitaka picha ya nyumbani wakati wa asubuhi, "si ya watu waliosimama wima kama askari." Za watu tunazo tele katika albamu: harusi, ubatizo, mazishi. Ya mahali penyewe hatukuwa nayo hata moja. Naamini familia nyingi za mjini zikifungua albamu zao zitakuta upungufu uo huo.

Basi mwezi wa Julai nikapanda matatu hadi Fly-over, nikashika nyingine ya kuelekea Njabini, nikapiga picha zipatazo sitini na kurudi siku iyo hiyo nikiwa nimejaa furaha. Swali la mama lilinitoa ulevi huo. Niliketi na kuzipitia zote upya, nikaanza kuyaona makosa yangu moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza lilikuwa uchoyo. Nilitaka kila kitu kiingie: nyumba, zizi, tangi la maji, mikaratusi, barabara, na safu ya Aberdare huko nyuma. Matokeo yake ni kwamba jicho halikuwa na pa kutua. Ukisimama mwenyewe mahali, akili yako huchagua inachokitaka na kukipuuza kingine, lakini kamera haina akili hiyo. Huchukua na waya wa stima uliopita juu ya paa. Kabla ya kubonyeza, jiulize: endapo picha hii ingeruhusiwa kuwa na kitu kimoja tu, kingekuwa kipi? Kwetu ni mkaratusi mmoja mkongwe ulio langoni, na paa la jikoni nyuma yake.

La pili lilikuwa wakati. Nilifika saa tatu asubuhi, na kufikia saa hizo ukungu umekwisha kupanda na kutawanyika. Kinangop iko upande wa magharibi wa milima ya Aberdare, kwa hivyo jua hutokea nyuma ya milima na huchelewa kufika shambani. Mbingu huanza kupata mwanga huku bonde likiwa bado limefunikwa. Huo ndio muda wenyewe, nao ni mfupi, pengine dakika ishirini hivi. Asiyelala huko hawezi kuupata, na anayelala huko sharti awe amesimama nje saa kumi na mbili kamili, umande ukimlowesha viatu.

La tatu ndilo lililomchanganya mama. Katika kuitengeneza picha, nilikuwa nimeyavuta majani yakawa kijani kama rangi ya basi jipya, nikalitia anga ubuluu ambao haukuwapo, kisha nikatumia ile alama ya kuondolea ukungu. Niliuondoa ukungu katika picha ya ukungu! Si ajabu hakupajua kwao.

Wako watakaosema kwamba kosa lilikuwa kuitengeneza picha kabisa, eti picha ya kweli haiguswi. Mimi sikubaliani nao. Mmarekani Ansel Adams, aliyefariki mwaka wa 1984, alipiga mwaka wa 1941 picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, jua la jioni likiangaza misalaba ya makaburini. Alikikosa kifaa chake cha kupimia mwanga, akakadiria kwa kujua mwezi hung'aa kiasi gani, akabonyeza mara moja tu. Alipojiandaa kupiga ya pili, mwanga ulikuwa umeondoka. Lakini kazi haikuishia hapo. Kwa miaka mingi baadaye aliendelea kuichapa upya katika chumba cha giza, na anga lake likazidi kuwa jeusi kadiri miaka ilivyopita. Kutengeneza picha, basi, si dhambi ya simu za leo. Swali ni kama unaielekeza mahali ilikokuwa ikielekea, au unaiburuta kwingine.

Nilirudi Kinangop baada ya majuma mawili, safari hii nikalala. Nilianza kwa kuipangusa lenzi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu unyevu wa alfajiri huishika na kuitia ukungu usio wa Mungu. Katika mipangilio ya simu niliwasha ile mistari inayoigawa skrini mara tatu kwa mapana na marefu. Mkaratusi nikauweka kwenye mstari wa kulia badala ya katikati, na ukingo wa ardhi kwenye mstari wa chini, ili ukungu upate nafasi ya kutanda. Nilisogea kwa miguu hadi ua wa shamba ukaanza kwenye kona ya chini na kulipeleka jicho kuelekea langoni. Usivute picha kwa vidole ili kukileta karibu kilicho mbali. Katika simu nyingi huko ni kuikata tu na kuiharibu. Tembea.

Ukungu una siri moja ambayo yafaa kuijua. Kamera hukisia kwamba kila kinachoonekana kina mwanga wa wastani, kwa hivyo ikikutana na weupe mwingi huupunguza, na ukungu hutoka kama jivu. Gusa mti kwenye skrini, shikilia kidole hadi kipimo kifungwe, kisha ongeza mwanga kidogo. Pia ukungu hupanga vitu kwa umbali: kilicho karibu huwa cheusi, kinachofuata hufifia, cha mwisho huwa kivuli tu. Tafuta kitu cheusi cha karibu, hata kama ni nguzo ya ua, la sivyo utapata ukurasa mtupu. Nguzo iyo hiyo niliegemeza simu juu yake ili mkono usitetemeke.

Nyumbani nilihifadhi kwanza nakala ambayo haijaguswa. Nikainyoosha picha, kwa kuwa mlalo ulikuwa umeinama kidogo, nikakata kipande cha tangi kilichojipenyeza pembeni. Programu kama Snapseed, ambayo hailipiwi, yatosha kwa haya yote. Weusi wa mti niliuongeza kidogo, kijani nikakipunguza, pembe za picha nikazitia giza kiasi ambacho mtu hawezi kukigundua. Ubuluu wa baridi niliuacha, kwani baridi ndiyo Kinangop yenyewe. Halafu niliiacha picha usiku kucha. Asubuhi nikaona nimezidisha weusi, nikaurudisha nusu. Macho yaliyochoka hupenda chumvi nyingi.

Nilitaka kuichapisha, na hapa wengi huvunjika moyo. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi, hivyo picha iliyopendeza kwenye simu huweza kutoka studio ikiwa nzito na yenye giza. Niliing'arisha kidogo kabla ya kuipeleka. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwani njia hiyo ya kawaida huibana na kuipunguzia ubora.

Mama aliipokea akiwa kitandani. Akaomba miwani, akaisogeza picha dirishani. Sikusema neno. Alipitisha kidole kwenye ua, akafika langoni, akaupita mti, akasimama kwenye paa la jikoni, palipokuwa na moshi mweupe uliokuwa unapanda ukungunі ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeutilia maanani.

"Kuni mbichi," alisema kwa hasira. "Mpigie simu mke wa ndugu yako. Muulize zile kavu nilizopanga nyuma ya ghala zimekwenda wapi."