Kichwa Kalenga, Mwili Mlambalasi

Kaburi la Mtwa Mkwawa liko Mlambalasi, kilomita 50 hivi kutoka Iringa mjini. Fuvu lake liko Kalenga, kwenye jumba dogo la makumbusho, mwendo wa kilomita 15 tu kutoka mjini. Anayetaka kumzuru kiongozi huyo wa Wahehe hana budi kufika kote kuwili, na namsihi asiridhike na mahali pamoja tu. Sehemu zote mbili ziko upande wa barabara iendayo Ruaha, kwa hiyo siku moja inatosha ukidamka mapema.

Anzia mjini, kwenye Boma la Iringa. Jengo hilo la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, likawa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Ukishasikia pale habari za Wahehe na majirani zao, Kalenga hutaiona kama kijiji cha kawaida. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Lipuli, iliyopigwa kwa mizinga ya Wajerumani Oktoba 1894. Walikuja kulipiza Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliuvizia msafara wa Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, wakamuua pamoja na askari wake wengi.

Ngome ilianguka, Mkwawa hakupatikana. Alipigana akiwa porini karibu miaka minne, huku Wajerumani wakitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona wanamkaribia, alijipiga risasi. Wakamkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani.

Mwaka 1919 mkataba wa Versailles, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Ni Gavana Edward Twining aliyekwenda hadi makumbusho ya Bremen, na fuvu likateuliwa kati ya mengine mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa ukoo. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Ukisimama mbele ya fuvu lile Kalenga, fikiria pia hayo mafuvu mengine yaliyobaki rafuni Bremen. Nayo yalikuwa ya watu.

Mlambalasi ina siri kongwe kuliko Mkwawa. Kwenye pango la mwamba lililo karibu na kaburi, wanaakiolojia wamechimbua mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mahali hapo palipokea wafu zamani mno kabla haijasikika habari ya Mjerumani.

Halafu kuna Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya. Mabasi hupita hapo kila siku, na abiria wengi hawajui wanachokiacha nyuma. Watalii hupigia picha nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, na kweli zinapendeza. Lakini mimi ningekushauri uinamishe macho. Korongoni mna mashoka ya mawe ambayo watu wa kale waliyatengeneza yapata miaka 260,000 iliyopita, kando ya maji yaliyokauka zamani. Mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini ndiye aliyeyaokota mwaka 1951, na mwaka 1957 Clark Howell akaanza uchimbaji uliolitangaza jina la Isimila duniani. Mengine yana uzito wa kuchosha mkono, na yamechongwa pande zote mbili kwa ulinganifu unaoonyesha kuwa fundi alijua anachokitaka kabla hajaligonga jiwe. Tazama, sikiliza maelezo, kisha acha kila jiwe lilipo: likishaondolewa korongoni, haliwezi tena kumwambia mtafiti lilikuwa na nani.

Ukivuka Mbeya kuelekea Tunduma, kata kushoto uone Kimondo cha Mbozi, siku hizi katika mkoa wa Songwe. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, linalokadiriwa kufikia tani 16. Uzito wake umelilinda. Hakuna aliyeweza kulibeba.

Mkoa huohuo ulipokea kimondo kingine, kidogo lakini adimu zaidi. Kilianguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938, na vipande vyake sasa viko kwenye makumbusho ya ng'ambo, kikiwamo kimoja London. Wataalamu wa anga wamelipa kundi zima la vimondo vya aina hiyo jina la Ivuna, na vumbi ambalo chombo cha Japani kililileta kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020 lilifanana na vimondo hivyo. Mtoto wa shule wa Ivuna anastahili kuyajua haya kabla ya mwanafunzi wa London, na kipande kimoja cha Ivuna kingefaa kuwekwa Mbozi, pembeni ya ndugu yake mkubwa.