Sweta Zisizotiwa Rangi

Wafumaji wa kisiwa cha Aisilandi hawana haja kubwa ya kununua rangi. Kondoo wao huzaliwa weupe, weusi na wa kijivu, na rangi ya kuzaliwa haichuji. Manyoya yao ni ya namna mbili: marefu ya nje huzuia mvua, laini ya ndani hutia joto. Sweta hufumwa kwa mviringo pasipo mshono, mapambo yakizunguka mabegani. Mwaka 1977 wafumaji waliunda chama chao wauze wenyewe kazi ya mikono yao. Hata hivyo, sweta zilizofumwa ng'ambo kwa ujira mdogo, tena kwa sufu ile ile, ziliingia madukani. Ndipo mwaka 2020 jina la sweta hiyo likalindwa kisheria: sharti ifumwe kwa mkono, humo humo kisiwani.