Msamaria Mwema na Bajeti ya Halmashauri

Hapa Dodoma, jina Mirembe halihitaji maelezo. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1927, hupokea wagonjwa wa afya ya akili kutoka nchi nzima. Chini yake ipo Isanga, wanakotunzwa wagonjwa wenye kesi za jinai, na Itega, wanakohudumiwa waraibu wa dawa za kulevya.

Hata hivyo, yatupasa kujiuliza: mgonjwa hupitia wapi kabla ya kufika huko? Wapo ambao familia zao huita polisi hali ikishaharibika, nao huonja mahabusu kabla ya kuonja dawa. Safari hiyo yaweza kukatizwa mapema katika zahanati na vituo vya afya vinavyosimamiwa na halmashauri. Panapo mhudumu aliyefunzwa na dawa zisizokatika, wengi wangetibiwa wakiwa nyumbani. Lakini hayo yote huhitaji fedha, nazo hupangwa katika bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1, kwa vipaumbele vinavyoibuliwa na wananchi kuanzia vijijini na mitaani.

Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Alitoa dinari mbili ili majeruhi aendelee kutunzwa (Lk 10:35). Huruma ya kweli, basi, hugharamiwa. Katika Jumuiya zetu Ndogondogo tusiwafiche wagonjwa wala kusema wamerogwa. Tuwaombee, tuwasindikize zahanati, na katika mkutano wa kijiji au mtaa tuinue mkono na kuuliza: mwaka huu wametengewa kiasi gani?